Usilipie hiyo DAC kabla hujasawazisha voliyumu

Mkuu, hiyo hela usiitoe kwanza. Unauliza kama FLAC (faili la muziki lisilopoteza kitu) inasikika tofauti na MP3 (faili lililobanwa) ya kilobiti 320 kwa sekunde, na hedifoni zipi zitakufaa, lakini kilichonishtua ni pale uliposema muuzaji alikubadilishia DAC mbili (vile vifaa vya kugeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti) ukiwa umekaa mbele yake, na ile ya bei mbaya "ikafungua muziki wote". Ilifungua voliyumu!

Mimi nilipigwa hivyohivyo. Jamaa ana maneno matamu, anabonyeza swichi huku na huku, mimi nimefumba macho natikisa kichwa kama niliyepandwa na pepo. Besi imejaa, mwimbaji kasogea mbele. Nikalipa. Raha ilidumu mpaka rafiki yangu mmoja, fundi wa amplifaya, alipokuja na multimita. Akapiga mlio wa Hz 1,000, akapima volti kwenye vituo vya spika, kifaa kimoja baada ya kingine. Kipya kilikuwa kinatoa sauti kubwa kuliko cha zamani, basi. Alipovisawazisha volti akaniambia nimpe kisogo nitaje kinachopiga ni kipi. Nikabaki nabahatisha. Hela hairudi, eti nimeshafungua boksi.

Sikio ndivyo lilivyo: ukiliongezea desibeli 1 au hata pungufu, halisemi sauti imepanda, linasema imenoga. Tena muziki ukiwa chini, besi ndiyo huwahi kufifia masikioni. Ukipandisha kidogo inarudi, unadhani umenunua besi. Yule bwana alilijua hilo. Na kama hakulijua, alikuwa anauza nini pale?

Kwa hiyo usilinganishe chochote, iwe DAC, waya au amplifaya, kabla volti hazijalingana. Tofauti isizidi asilimia 1, ambayo ni kama desibeli 0.1. Halafu abadilishe mtu mwingine, wewe usione. Na usiniambie masikio yako ni ya pekee. Hata mimi niliambiwa hivyo, na aliyeniambia ndiye aliyekuwa ananiandikia risiti.

Hiyo FLAC jipime mwenyewe, ni bure. Weka foobar2000, programu ya kompyuta ya kupigia muziki, pamoja na nyongeza yake ya ABX (unasikia A na B, kisha X iliyofichwa, utaje X ni ipi kati yake), tengeneza MP3 kutoka kwenye FLAC hiyohiyo (usipakue kwingine, huenda ikawa imesawazishwa upya studio, ukawa unalinganisha vitu viwili tofauti). Piga raundi 16. Ukipatia 12 kwenda juu kuna kitu, maana kwa kubahatisha tu hilo hutokea chini ya mara 4 kwa 100. MP3 ya 128 unaweza kuikamata: sikiliza matoazi na makofi ya watu ukumbini, yanachakaa, yanakuwa na mvumo wa majimaji. Kwenye 320 wengi wetu tunanyoosha mikono.

Ukirudi kwa yule muuzaji, nenda na multimita mfukoni umwangalie uso. Kisha weka matokeo hapa, na volti ulizopima. Bila volti sisomi.