Kwa nini hamkuniona kwenye arobaini ya Bibi

Binamu yangu ameniuliza waziwazi jambo ambalo najua wengi kule Muheza wanaulizana pembeni: "Bibi ndiye aliyekulea. Mazishi hukuja, arobaini hukuja. Kwani huko Uingereza mmefungwa?" Namjibu yeye, na wengine wasome.

Mazishi nisingeyawahi kwa vyovyote. Bibi alifariki alfajiri, akazikwa baada ya alasiri siku hiyohiyo, kama ilivyo kwetu Waislamu. Kutoka Leeds unaunganisha ndege Doha au Addis Ababa, unashuka Dar es Salaam, halafu barabara mpaka Muheza. Hilo binamu analielewa. Linalomuuma ni arobaini.

Nilikuja huku kwa viza ya kazi ya kutunza wazee, na muda wake ulikuwa unakaribia kuisha, hivyo nikaomba kuongezewa. Ukishaomba kwa wakati unaruhusiwa kuishi na kufanya kazi huku ukisubiri jibu. Lakini ukisafiri kwenda kwenu kabla jibu halijatoka, ombi linahesabika kwamba umeliondoa mwenyewe. Unarudi mwanzo, na mwanzo wenyewe haupo tena: tangu Julai 2025 walioko nje hawapewi viza mpya za kazi hii. (Wadogo zangu mnaoniandikia niwatafutie nafasi, jibu lenu ni hilo. Anayewaambia anayo nafasi na anataka pesa kwanza, msimpe.) Tena viza yenyewe inakufunga kwa mwajiri mmoja. Akikuachisha, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwingine mwenye kibali cha kuajiri wageni, la sivyo ufungashe. Ruhusa ya msiba nayo, sheria inampa wiki mbili mzazi aliyefiwa na mtoto. Kwa bibi inategemea mkataba wako na moyo wa mkubwa wako wa kazi.

Usiku baada ya Bibi kuzikwa nilikuwa zamu. Nilimgeuza kitandani bibi wa watu ili asipate vidonda vya mgongo, nikamweka mto katikati ya magoti, nikamfunika. Ananiita kwa jina la binti yake, nami huwa naitika. Nikaenda chumba cha pili. Mkitaka kujua ughaibuni kunauma wapi, kunauma hapo. Baridi unaizoea.

Ila kuteseka siwezi kusema nateseka, maana aliyeteseka nilimjua. Bibi alizaliwa enzi za Mwingereza, akaolewa na kibarua wa mkonge. Babu alipofariki, watoto wote walikuwa bado wadogo. Alikaa eda miezi 4 na siku 10, na ilipokwisha akaenda kuomba kazi kwenye shamba lilelile alilofia mumewe. Wakampa kuanika singa, nyuzi za mkonge, zinapotoka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, mbichi, zikidondosha yale maji yanayowasha. Mimi nimemkuta mzee, lakini ngozi ya viganja vyake ilikuwa bado ngumu kiasi kwamba aliweza kuinua sufuria jikoni bila kitambaa.

Kisomo cha watu wazima kilipoenezwa vijijini miaka ya 1970, wakati wa Mwalimu Nyerere, alikwenda kila jioni na mtoto mgongoni. Hapo ndipo lilipoanzia lile daftari tunalolijua sote. Herufi kubwa tupu, penseli aliyokuwa akiilowesha kwa ulimi kabla ya kuandika: jina la mnunuzi, idadi ya matenga ya machungwa aliyokuja kuuza baadaye, kilicholipwa, kilichobaki. Mtu akija na gari anadai deni lilishakwisha, Bibi hakubishana. Alifungua ukurasa, akaweka kidole, akamwambia, "Soma mwenyewe."

Miaka ya mwanzo ya 1980 baba anasema sabuni iliadimika mpaka nguo zikafuliwa kwa majani ya mpapai, na unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, ukawa ndio chakula cha nyumba nzima. Bibi miaka hiyo alikuwa anapanda michungwa. Kamba za nailoni zilikuwa zimeshaiangusha bei ya mkonge, mashamba yakipunguza watu, naye hakungoja apunguzwe. Michungwa hiyo ndiyo iliyonisomesha.

Kabla sijapeleka ombi la viza nilimpigia, nikamweleza kwamba kuna miezi sitaweza kusafiri, na kwamba yeye ni mtu mzima sana. Alinyamaza kidogo, akasema, "Karatasi kwanza. Mimi mtanizika tu, watu wapo." Kisha akaniuliza kama nimekula. Kwa hiyo binamu, Bibi alijua. Hakuachwa gizani.

Na mkisema nilimtunza Bibi, msiseme mbele yangu. Pesa nilizotuma kwa simu alizigawa: ada ya huyu, dawa za yule, na zote aliziandika kwenye daftari na kunisomea. Aliyemtunza ni mama yako, binamu. Shangazi ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyeamka naye usiku miaka yote ile ya mwisho. Kazi hiyohiyo mimi nalipwa kwa saa, yeye hakulipwa na mtu. Nimesikia kwenye arobaini lilisomwa jina langu kwanza kwa sababu mchango wangu ulikuwa mkubwa. Lingesomwa la shangazi kwanza. Siku nyingine tufanye hivyo, nami ndivyo ningetaka.

Limebaki jambo la shamba. Baba mdogo, naambiwa kuna mnunuzi ameshaanza kuzungumza nawe, anataka msimu huu wote machungwa yakiwa bado maua. Shikamoo, na nakuomba kwa heshima: mwambie asubiri yakomae. Bibi hakuwahi kuuza maua, hata mwaka ule paa lilipoezuliwa na upepo. Daftari libaki kwa shangazi, na matenga yatakayotoka yaandikwe humo kama alivyokuwa akiandika. Viza ikitoka nakuja, tukae na shehe tuzungumze mirathi wote tukiwepo.