Barua kwa mwanangu: siku za watu na siku za oveni

Akinyi mwanangu,

Umeniuliza ufanyeje: mikutano ya wafanyabiashara kule Milimani kila wiki, vikundi vya WhatsApp havinyamazi, na maagizo ya keki yanakungoja. Unaogopa kwamba usipoonekana wateja watakwenda kwingine, na ukionekana kila mahali keki zitachelewa.

Anza na wiki yako ya kazi, mialiko ije baadaye. Keki ya harusi unaioka Alhamisi, unaipamba Ijumaa, unaipeleka Jumamosi asubuhi. Kwa joto la Kisumu huwezi kuipamba mapema mno ukaiacha mezani: krimu ya siagi hulainika, fondanti, ile sukari laini ya kufunikia keki, hutoa jasho. Basi kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi usiende mkutano wowote, hata wa bure. Siku yako ya watu iwe Jumanne, saa nane hadi saa kumi na moja. Agosti na Desemba, harusi zikijaa, ipunguze, Februari iongeze.

Kabla ya kukubali mwaliko, piga hesabu. Tuseme kiingilio ni shilingi 1,000, tuktuk 300 kwenda na kurudi, na saa tatu nje ya jikoni. Kama saa yako moja huleta faida ya 400, hizo ni 1,200 nyingine. Jumla 2,500. Ikiwa keki ya kilo moja hukuachia 500, mkutano huo unadaiwa keki tano. Mpigie mwandalizi umuulize ni kina nani wanakuja. Akikutajia waokaji wenzako na mawakala wa bima, baki nyumbani.

Wanaokufaa ni wale wanaomwona bibi harusi kabla yako: mpambaji wa ukumbi, mwenye hema na viti, mkodishaji wa magauni, mpiga picha. Tarehe na ukumbi hupangwa kwanza, keki hufuata, kwa hiyo hao wanaijua harusi wakati mwokaji bado hajatafutwa. Watano wa namna hiyo wanatosha kabisa. Mtembelee mmoja kila Jumanne, dakika kumi na tano, na kipande cha keki chenye namba yako kwenye boksi. Muulize anatafuta wateja gani, nawe umpelekee. Akitaka kamisheni, kubalianeni kiasi mapema na mkiandike kwenye ujumbe. Urafiki mwingi wa kibiashara huvunjika hapo, pesa iliyotajwa kwa mdomo tu.

Tena Jumamosi unapopeleka keki, wengi wa hao wako ukumbini. Ukishaipanga keki, tumia dakika ishirini kuwasalimu, uondoke kabla ya chakula. Hakuna mkutano wa Milimani utakaokupa watu hao kwa nauli ambayo mteja ameshalipa.

Namba uliyopewa, ihifadhi papo hapo pamoja na kazi na ahadi: “Mpambaji Kondele, anataka bei ya ghorofa 3.” Kesho yake mwandikie: “Habari ya jana, dada. Ni Akinyi wa keki, tulikutana harusini Mamboleo. Bei uliyoniuliza ni hii, na picha moja.” Picha moja, mwanangu. Ukimtumia thelathini zinammalizia bando na hafungui hata moja. Akinyamaza, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, basi.

Vikundi vya WhatsApp vizime sauti moja kwa moja. Visome saa saba mchana na saa mbili usiku, dakika kumi kila mara. Kikundi ambacho kila mtu anatangaza na hakuna anayeuliza bei, toka. Chama cha akina mama kanisani usikiweke kwenye hesabu hii. Huko nenda kama mwanachama, keki wataziulizia wenyewe.

Kila agizo likiingia, andika daftarini nani alimtuma mteja. Baada ya miezi mitatu utaona majina yanayojirudia, na hao ndio wa kuwapa Jumanne zako.

Mwaliko wa Alhamisi hii ukatae leo, wasije wakakuhesabia chai. Waambie: “Asante, Alhamisi huwa naoka. Mkiwa na kikao Jumanne alasiri nitafika.”

Mama yako