Barua kwa mwanangu: Sidney Poitier alicheza kwa ajili ya nani?

Mwanangu,

Salamu sana. Huku nyumbani hatujambo. Mvua zilitukawilia lakini zimeshuka, na mama yako amemaliza mtaa mzima akionyesha zile picha zako za theluji. Ujumbe wako niliupata. Sikukujibu kwa simu kwa sababu mambo ya kubonyeza na kurekodi sauti mimi hayanikubali. Nikikishika kile kidude, maneno yote yanakimbia. Basi mimina chai yako ukae.

Umesema mwalimu wenu aliwaonyesha “Guess Who's Coming to Dinner” ya mwaka 1967, na taa zilipowashwa wenzako, hasa Wamarekani weusi, wakamvaa Sidney Poitier, mwigizaji mweusi aliyeicheza: msafi kupita kiasi, hana hasira, hana tamaa, yupo pale kuwatuliza wazungu wasiogope. Wewe ukanyamaza, kwa kuwa hapa kwetu jina lake hutajwa kwa heshima. Ukaniuliza: baba, nyinyi mlimwonaje? Alikuwa anacheza kwa ajili yetu au kwa ajili yao?

Wenzako hawajasema uongo. Mtazame huyo Dakta Prentice anayemcheza humo, mweusi anayetaka kumwoa binti wa kizungu. Ana shahada juu ya shahada, sifa zake zimevuka mipaka, na bado anawaambia wazazi wa binti kwamba wakisita yeye ataondoka zake. Picha nzima ni ya watu wanaotaka kuoana, lakini busu lao tunaliona ndani ya kioo cha dereva wa teksi. Mwongozaji Stanley Kramer alimtengeneza hivyo makusudi, asiwe na dosari, ili mzee wa kizungu akitafuta sababu ya kumkataa abaki na rangi peke yake. Kama hoja, imekaa sawasawa. Kama binadamu, mtu wa namna hiyo hayupo. Na mweusi aliyekaa ukumbini katika mwaka ambao miji ya Newark na Detroit iliwaka moto kwa ghasia za weusi alikuwa na haki ya kuuliza: mimi nisiye na shahada hizo, ina maana sikaribishwi mezani?

Wala kesi hii si mpya. Septemba 1967 Clifford Mason, mwandishi wa tamthilia, mweusi mwenzake, aliandika katika gazeti la New York Times akiuliza kwa nini Marekani ya wazungu inampenda Poitier kiasi hicho. Makala ile ilimchoma. Wenzako wanaendeleza shauri lililofunguliwa kabla wazazi wao hawajajua kusoma.

Sasa sisi. Tulipokuwa vijana hapa Tanga, steringi alikuwa mtu wa kurusha mateke au wa kuchomoa bastola upesi, na steringi hafi. Poitier hakuwa wa hivyo. Siku ikiwekwa picha yake, watoto wa viti vya mbele walipiga miluzi wakidai hela zao. Waliompenda ni wakubwa, na hasa walimu, kwa ajili ya “To Sir, with Love”, nayo ya 1967. Humo yeye ni mhandisi aliyetoka Guyana, amekosa kazi, akaishia kufundisha watoto watundu wa mashariki mwa London. Kuna pale anapokusanya vitabu vya kiada na kuvitupa kwenye kapu la taka, anawaambia kuanzia sasa tutazungumza kama watu wazima. Nimeshika chaki miaka mingi, mwanangu, na nakuhakikishia mwalimu wa hapa angethubutu hivyo, mkaguzi angefika kabla kapu halijajaa. Lakini tulichokiona sisi ni mtu mweusi ndani ya suti, watoto wa Kiingereza wanamwita “Sir”. Wazee waliokuwa wamekaa pale ukumbini walikumbuka kuitwa “boi” na wazungu wakiwa tayari na wajukuu. Kwao halikuwa jambo dogo.

Hata hapo wenzako wangepata pa kushika. E. R. Braithwaite, aliyekiandika kisa hicho kutokana na maisha yake, alieleza mapenzi yake na mwalimu mwenzake wa kizungu. Kwenye picha yamebaki macho tu.

Ila huwezi kumpima mtu kwa picha za mwaka mmoja. Wazazi wake, Reginald na Evelyn, walikuwa wakulima wa nyanya wa kisiwa cha Cat, Bahamas. Februari 1927 walikuwa wamepeleka nyanya Miami kuuza, uchungu ukamshika mama miezi haijatimia. Mtoto alikuwa mdogo hata baba akaja na boksi la viatu la kumzikia. Mama akakataa katakata. Ndivyo alivyoupata uraia wa Marekani, katika safari ya sokoni. Akakulia kisiwani ambako karibu kila mtu alikuwa mweusi, hakuna umeme, na shule hakusoma hata miaka miwili. Aliporudishwa Miami akiwa na miaka 15, akae kwa kaka yake, ndipo alipoanza kuambiwa kuwa mlango wa mbele si wake. Hilo lishike. Mtu aliyefundishwa ubaguzi akiwa tayari na akili zake haupokei kama aliyezaliwa ndani yake, na ule utulivu wake ambao wenzako wanauita woga, mimi naona ni utulivu wa mtu ambaye hakuwahi kuamini kwamba yuko chini.

New York akaosha vyombo mahotelini. Siku moja akaenda kujaribu bahati kwenye kikundi cha American Negro Theatre, Harlem. Akapewa mswada asome. Akawa anasoma neno moja moja kwa lafudhi ya kisiwani. Aliyekuwa akimsikiliza akamnyang'anya karatasi, akamsukuma hadi mlangoni, akamwambia aache kuwapotezea watu muda, akatafute kazi ya kuosha vyombo. Kumbe Poitier hakuwa amemwambia anafanya kazi gani! Hilo ndilo lililomuuma: mtu amemtazama tu akaona muosha vyombo. Akanunua redio, akawa usiku anawaigiza watangazaji mpaka ulimi ukanyooka. Hotelini, mhudumu mmoja mzee wa Kiyahudi akawa anakaa naye kazi ikiisha, wanasoma gazeti pamoja neno kwa neno. Kisha akarudi kule kule alikofukuzwa, akajitolea kufagia ukumbi ili wamfundishe. Mimi kama mwalimu, hapo ndipo nilipokuwa nawasimulia wanafunzi wangu, si kwenye Oscar.

Sasa nije kwenye swali lako. Miaka ya 1950, mke wake mjamzito na mfukoni hamna kitu, wakala aitwaye Martin Baum alimpatia nafasi. Mhusika ni mfagizi mweusi aliyeona uhalifu. Wahalifu wanamuua binti yake na kuutupa mwili nje ya nyumba, na baba wa mtoto hasemi wala hafanyi lolote. Mshahara ulikuwa dola 750 kwa wiki. Poitier akakataa, na Baum akamuuliza sababu, kwani mhusika hatukanwi popote. Hakumweleza siku ile. Akaenda kuweka rehani samani za nyumbani kwake apate dola 75 za kulipia hospitali mke akijifungua. Baadaye alieleza: Reginald Poitier, baba yake, asingekaa kimya hivyo, na yeye asingeweza kumchezea baba yake mtu wa namna ile. Baum alisema mtu mwenye kichaa cha kiasi hicho lazima amsimamie, na akamsimamia miaka mingi.

Kwa hiyo mimi nasema hakuwa anacheza kwa ajili yetu wala kwa ajili yao. Alikuwa anacheza kana kwamba yule mkulima wa nyanya amekaa kiti cha mbele. Kuna ubora hapo na kuna kasoro yake, maana mtu anayeogopa kumwaibisha baba yake hachezi mlevi, hachezi mwizi, hachezi mwongo, na nusu ya binadamu wamo humo. Wenzako wanachokikosa kwake kimepotelea hapo.

Na nje ya kamera? Mwaka 1950 alikwenda Afrika Kusini kupiga “Cry, the Beloved Country”. Ili yeye na Canada Lee, mwigizaji mweusi mwenzake, waruhusiwe kuingia, ilibidi waandikishwe kama vibarua wa mwongozaji wao, Zoltan Korda. Wakati wa picha ya “Blackboard Jungle” alitakiwa atie saini ya kumkana Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi, na huyo huyo Canada Lee, akagoma. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akihangaika kuwasafirisha vijana wa Kenya kwenda vyuo vya Marekani, barua ya kuwaomba Wamarekani wachange ilitiwa saini na mwimbaji Harry Belafonte, mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na Sidney Poitier. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Wewe uliyekwenda huko kwa fomu za kwenye intaneti, waulize wazee wa Kenya ndege ile ilikuwa na maana gani. (Ile “Something of Value” ya 1957, aliyomchezea kijana wa Kikuyu anayeingia Mau Mau, siitetei. Picha ya Mau Mau iliyotazamwa kutoka barazani kwa mlowezi.)

Kisha 1964, miezi michache baada ya kushinda Oscar kwa “Lilies of the Field”, yeye na Belafonte walipeleka dola 70,000 taslimu Greenwood, Mississippi, kwa vijana waliokuwa wakiandikisha weusi kupiga kura. Usiku ule Ku Klux Klan, wale wazungu wa kikundi cha kibaguzi, wakawafukuza kwa magari. Ndiyo maana ilipofika “In the Heat of the Night”, picha nyingine ya 1967, akasema kusini mwa Marekani harudi. Kisa ni cha mji wa Mississippi, lakini picha ikapigwa Sparta, Illinois, upande wa kaskazini. Walipolazimika kwenda Tennessee, huko huko kusini, siku chache, alilala na bastola chini ya mto.

Na picha hiyo, ukiwa na muda, waonyeshe wenzako dakika tatu tu. Mpelelezi Tibbs, ndiye Poitier, anamhoji bwana shamba Endicott katika banda lake la maua ya okidi. Mtumishi mweusi amesimama na sinia. Endicott anakasirika kuulizwa maswali na mweusi, anamzaba kofi. Kofi la kurudisha linatua kabla hujapepesa. Endicott anamgeukia mkuu wa polisi: utafanya nini? Mkuu, ambaye ni Rod Steiger, anajibu kwamba hajui. Poitier alisimulia kwamba yeye ndiye aliyeweka sharti kofi lirudishwe; wengine wanasema lilikuwemo kwenye mswada tangu mwanzo. Wagawane wenyewe. Mimi humtazama yule wa sinia: hajui aangalie wapi. Picha ikapata Oscar ya picha bora, Steiger akapata ya mwigizaji bora, na Poitier hakuteuliwa hata jina.

Walimu wenu wengi wanaishia 1967, na hapo ndipo wanapomdhulumu. Mwaka uliofuata alitoka na “For Love of Ivy”, kisa alichokibuni mwenyewe ili mtu mweusi na mwanamke mweusi wapendane kwenye pazia kama watu wengine. Mwaka 1969 akaanzisha kampuni ya First Artists na Paul Newman na Barbra Streisand, mwigizaji awe na sauti juu ya kazi yake. Halafu “Buck and the Preacher”, 1972. Walikuwa Mexico wakipiga, yeye na Belafonte hawakuridhishwa na mwongozaji, siku chache tu akaachishwa, na Poitier akaingia nyuma ya kamera mwenyewe. Hakuwahi kuongoza. Ni kauboi, lakini msafara wa magari ya farasi ni wa watumwa waliotoka utumwani wanaotafuta ardhi magharibi, na wazungu wamekodiwa wawarudishe mashambani Louisiana. Buck wake anaua, anaiba benki, ana hasira tele. Yule Dakta Prentice hayumo.

Katika “A Warm December” alimleta binti wa familia ya balozi wa Afrika mwenye selimundu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mama yako kuuona ugonjwa wa mdogo wake kwenye sinema. Na “Uptown Saturday Night”, 1974, ndiyo iliyonimaliza: mfanyakazi wa kiwandani anamdanganya mkewe, anatorokea klabu ya siri, anaibiwa pochi, kumbe ndani kuna tiketi ya bahati nasibu iliyoshinda. Poitier mwongo, mwoga, anakimbia ovyo! Kumbi za weusi zilijaa. Simwiti mwongozaji mkubwa. Matukio yake hujikokota, na “Ghost Dad” ya 1990 usiiguse. Lakini “Stir Crazy” ya 1980 iliingiza zaidi ya dola milioni 100 Marekani, na hapo hakuonekana hata kidogo. Alikuwa nyuma ya kamera tu, Richard Pryor na Gene Wilder wakivunja watu mbavu.

Oscar ya mwigizaji bora haikwenda tena kwa mwanamume mweusi hadi Denzel Washington mwaka 2002, miaka 38. Poitier alikuwemo ukumbini usiku ule, akipewa tuzo ya heshima. Wakati huo alikuwa pia balozi wa Bahamas huko Japani. Alifariki Januari 6, 2022, akiwa na miaka 94.

Basi wenzako wakirudi kwenye Dakta Prentice, usibishane nao, waulize kama wameiona “Buck and the Preacher”. Na wewe itafute, maana nakala niliyonayo mimi inakwamakwama pale wanapokaribia kuvuka kwenye ardhi ya Wahindi Wekundu. Ukiipata nzuri, mpe yule kijana wa mwenzako anayekuja Desemba aniletee. Mama yako anasema umtumie pia vipimo vya lile gauni.

Baba yako