Maswali yenu kuhusu usafi wa Ziwa Kivu

Vikundi vya kujitolea hapa Bukavu vinajiandaa kwa siku ya kimataifa ya usafi wa fukwe, Jumamosi ya tatu ya Septemba. Mmeuliza mengi, haya ndiyo niliyoona yafaa kujibiwa mbele ya wote.

Bahari yetu iko Moanda, mbali kabisa. Watu wa Bukavu tunatafuta nini katika siku ya bahari? (Mwanafunzi, Ibanda)

Fuata maji, mdogo wangu. Kivu inamwagika Ruzizi, Ruzizi inaingia Tanganyika, Tanganyika inatokea Lukuga pale Kalemie, Lukuga inakutana na Lualaba, na huo ndio mto Kongo mpaka Atlantiki. Lakini sikudanganyi: chupa iliyotupwa Nyawera ni nadra ifike huko. Nyingi zinakwama hapa hapa kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza, zinaziba njia ya maji yanayozungusha mitambo, na umeme unapungua Bukavu hadi Goma. Kama habari za nyangumi hazikugusi, njoo kwa ajili ya balbu yako.

Tuliokota magunia na magunia. Mvua moja ikanyesha, ufuko ukarudi vilevile. Si kujichosha bure? (Mama wa Nguba)

Mama, una haki ya kukasirika. Mji wetu umekaa kwenye miteremko. Sashe, yaani mfuko wa plastiki, ikiangushwa sokoni Kadutu inangoja mvua tu: inaingia mfereji, mfereji unaingia mto Kawa, Kawa inaimwaga ziwani. Kwa hiyo mnaosafisha ufuko peke yake mnapokea uchafu ambao umeshamaliza safari. Ningekuwa na watu hamsini, kumi wangebaki ufukoni (wapiga picha nao wapate kazi), arobaini ningewapandisha Kawa na mifereji yake. Na Septemba ni wakati mzuri kwetu, kwa sababu mvua ndiyo zinarudi: taka zote zilizolala kwenye mifereji kiangazi kizima bado hazijasukumwa.

Jambo la pili, hesabuni. Siku hii ilianzia Texas, Marekani, mwaka 1986, na tangu mwanzo waliojitolea hawakuokota tu, waliandika kila walichookota. Fanyeni kazi wawili wawili: mmoja anaokota, mwenzake anaandika chupa za maji ngapi, sashe ngapi, kandambili ngapi, vipande vya nyavu vingapi, na mahali vilipokuwa. Mkimpelekea shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, gunia la uchafu, atawashukuru na kuwaaga. Mkimpelekea karatasi inayoonyesha kwamba nusu ya taka zimetoka mfereji mmoja, hapo lazima ajibu kitu. Sheria nayo ipo: dekreti ya Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki nchini. Sote tunajua bado tunafungiwa nyanya ndani yake.

Kikundi chetu kinataka kung'oa matete ili ufuko upendeze. (Kijana, Ibanda)

Acheni matete! Sambaza, wale samaki wetu wadogo, huzaa karibu na kingo, na wadogo wao wanakulia kwenye maji hayo ya pembeni kabla ya kwenda kilindini. Matete pia yanashika udongo unaoteremka mlimani. Toeni plastiki iliyonasa katikati yake, tena kwa mkono, bila panga.

Tukikoroga maji, hatuwezi kuamsha gesi iliyo ndani ya ziwa? (Msomaji, Kadutu)

Hapana. Gesi nyingi imelala zaidi ya mita 250 chini. Reki yako haifiki huko.

Mnaturudishia Salongo? Enzi za Mobutu tulifagia kwa amri. Na hawa wa mashirika wanalipa kiasi gani kwa kila kichwa? (Mzee, Bagira)

Mzee, Salongo ilikuwa ya kulazimishwa. Hapa asiyetaka anabaki nyumbani na hakuna wa kumfuata. Kuhusu malipo, mimi napinga kulipa watu ili wafike. Nimeona jinsi inavyokwenda: pesa zikiisha, na watu wanaisha. Glavu, sabuni, maji ya kunywa, mkate baada ya kazi, hivyo sawa. Kikundi kikipata ufadhili, kibandike hesabu zake ukutani ambapo hata jirani asiye mwanachama atazisoma.

Watoto waje? (Mwalimu)

Waje, lakini wasiokote. Kuna sindano na vioo humo, na kipindupindu hakijatuhama huku Kivu. Kila mtu anawe kwa sabuni na maji safi aliyobeba, asinawe ziwani. Watoto wapeni kalamu na zile karatasi za kuhesabu. Hawachoki, na hawaoni haya kumuuliza mwenye duka kwa nini makopo yake yote yako kwenye mfereji.