Kidonda kimegoma miezi saba na sukari iko sawa: wameuangalia mguu, au kidonda tu?

Pole sana mkuu kwa kuuguza. Umeandika kwamba mama ana miaka 61, kidonda kiko upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo, na huu ni mwezi wa saba. Sukari imepimwa mara mbili iko sawa, amemaliza dozi tatu za antibaotiki, na ndugu wameanza kunong'ona kuwa hilo ni donda ndugu, arudishwe kijijini akaangaliwe. Mimi si daktari, ni kinyozi. Ila kidonda cha aina hiyo nimeishi nacho miezi 14, pale pale ulipopataja.

Changu kilianza kijinga tu. Nilikuwa nashuka kwenye bodaboda, chuma cha kukanyagia kikanikwaruza. Nikapaka spiriti, nikaendelea na kazi. Baada ya mwezi hakijafunga, nikafanya tunachofanya wengi: nikanunua rangi mbili (zile kapsuli za antibaotiki), nikafungua kapsuli, nikamwaga unga juu. Ule unga ukichanganyika na maji ya kidonda unafanya ukoko mgumu, unajiona umepona. Asubuhi unaubandua, chini kumelowa na kidonda kimepanuka. Kilianza kama sarafu ya shilingi 50, kikafika ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Zahanati nilikwenda mara nne. Kila mara nilikunja suruali hadi kidonda kionekane, nikaishia hapo. Nikapimwa sukari kabla sijala, ikasoma 5.4 (kisukari kinaanzia 7.0, na wanarudia kupima ili wahakikishe), nikapimwa VVU, sina. Usaha ukaoteshwa maabara, vijidudu vikaonekana, nikapewa sindano za siku saba. Hapa nitasema nilichokuja kuelezwa baadaye, maana kiliniuma: kidonda chochote kilichokaa wazi kitaotesha vijidudu ukikipima, ni kama kupima vumbi barabarani. Antibaotiki inahitajika pale kidonda kinapoonyesha maambukizi kweli: ngozi inayokizunguka ina joto, uvimbe unapanda, maumivu yanazidi ghafla, kinanuka kuliko jana, au una homa. Na sisi weusi tusisubiri wekundu, kwenye ngozi yetu hauonekani vizuri. Weka mgongo wa kiganja upime joto, linganisha na mguu wa pili.

Aliyefungua njia ni nesi mmoja wa chumba cha kufungia vidonda, mama mtu mzima. Nikaanza kukunja suruali kama kawaida, akanikatiza: "Vua yote baba, panda kwenye hicho kigoda, nipe mgongo." Nikasimama pale na bukta kama dakika tatu, yeye kachuchumaa nyuma yangu hasemi kitu. Hakuanza na kidonda. Alianza na mguu mzima, ule usio na kidonda. Nyuma ya goti kulikuwa na mishipa imevimba na kujipinda kama mizizi ya mwembe, miguu yote miwili, nami sikuwahi kuijua maana nani anajiangalia nyuma ya goti? Akabonyeza ugoko kwa dole gumba, akaachia. Kikabaki kishimo kama kwenye unga wa chapati. Akanionyesha ngozi inayozunguka kidonda: nyeusi kupita ya kwangu ya kawaida, ngumu kama ya ngoma.

Ndipo maswali. Unafanya kazi gani? Nasimama, mama, saa 12 kwa siku. Jioni mguu unakuwa mzito? Sana. Usiku ukiuinua juu ya mto unapata nafuu, au unapata nafuu ukiuning'iniza chini ya kitanda?

Hilo swali la mwisho muulize mama leo leo, lina maana kubwa. Damu inashuka mguuni kwa ateri na inarudi juu kwa vena. Vena zina vilango vidogo vinavyoizuia damu isishuke tena. Vilango vikilegea, damu inatuama chini, presha inapanda ndani ya vena, maji na damu vinavuja kwenye nyama. Madini ya chuma ya ile damu ndiyo yanaitia ngozi weusi. Ngozi ya hivyo ukiikwaruza haina nguvu ya kufunga, umwagie kapsuli utakavyo. Mtu huyu akiinua mguu anapata nafuu. Ateri zikiziba ni kinyume: damu haifiki, mguu wa baridi, ngozi inang'aa na vinyweleo vimekatika, kidonda mara nyingi kiko kwenye vidole au kisigino, kinauma usiku na mtu analala ameuning'iniza mguu ili damu ishuke.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba. Kidonda cha vena kinatibiwa kwa bendeji ya kubana mguu kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Ukimbana hivyo mtu mwenye ateri zilizoziba unaweza kumkatisha mguu. Kwa hiyo kabla ya kufungwa nilipelekwa kwa daktari mwenye kimashine kama redio ndogo, anakigusisha mguuni unasikia damu inapiga shwaa, shwaa. Akapima presha ya mkono ikawa 130, ya kifundo cha mguu 138, akagawanya ya mguu kwa ya mkono: 1.06. Chini ya 0.9 wanashuku ateri, na chini ya 0.8 hawabani kwa nguvu ile ya kawaida. Kwa wenye kisukari jibu linaweza kudanganya, ateri zao zikikakamaa namba inapanda juu bila sababu nzuri, hapo wanatumia vipimo vingine.

Hata baada ya hapo hakuniachia hivi hivi. Kwa kuwa kilishakaa miezi mingi, alichukua vinyama viwili ukingoni mwa kidonda (ukingoni, si katikati) vikaenda maabara kutafuta saratani. Siku zile za kusubiri majibu sikulala. Yalitoka safi. Lakini nilikutana pale na kijana aliyeungua na uji wa moto utotoni, kovu likafunguka ukubwani, kingo zikanyanyuka kama koliflawa na kutoka damu ovyo. La kwake lilikuwa saratani. Kovu la zamani likifunguka lisipofunga, usikubali kuondoka bila kuchukuliwa kinyama.

Baba yangu mdogo naye ana kisukari, na cha kwake kiko chini ya unyayo, hakiumi hata kidogo. Alitembea na kipande cha msumari ndani ya kandambili nusu siku, akajua alipoona sakafu ina damu. Kliniki walimgusa unyayo kwa uzi wa plastiki huku kafumba macho, sehemu tano hakuhisi kitu. Kidonda kisichouma kinanitisha kuliko kinachouma.

Kuna mdau hapo juu kasema mama yako apimwe Buruli, ugonjwa wa vidonda unaoletwa na kijidudu. Upo kweli, jina lenyewe limetoka Uganda, na kijidudu chake ni ndugu wa kile cha TB na ukoma. Ila huo mara nyingi huanza na kinundu kisichouma, kisha kidonda ambacho kingo zake zina uwazi chini, kama ukuta uliochimbwa msingi. Kama mama hajawahi kukaa maeneo yenye ugonjwa huo, nisingeanzia huko. Mwenye selimundu naye hupata vidonda pale pale kwenye kifundo, lakini kwa miaka 61 mngeshajua.

Sijamwona mama, sitasema ni vena. Ninachosema, mkuu, ukimrudisha kliniki mwombe daktari amwangalie miguu yote miwili akiwa amesimama, na apime presha ya mguu kabla mtu yeyote hajambana bendeji. Mkumbushe mama aseme kama mguu uliwahi kuvimba wote baada ya kujifungua au kuugua kitandani, maana damu iliyowahi kuganda kwenye mshipa inaharibu vile vilango na matokeo yake yanaweza kuonekana miaka 20 baadaye. Spiriti na rangi mbili viacheni: spiriti inaunguza nyama changa, na ule unga unafanya ukoko tu juu. Mimi waliniosha kwa maji ya chumvi tu.

Changu kilifunga wiki ya 17 ya bendeji. Sasa nanyoa nimevaa soksi ya kubana hadi gotini, wateja wananiuliza nacheza timu gani. Nikiiacha wiki mbili, uzito wa jioni unarudi.

Ukishamwuliza lile swali la kuinua au kuning'iniza, lete jibu hapa.