Kuhusu mnara wa taa wa Chumbe
Ndugu, umeuliza kama mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar, ni gofu tu lililoachiwa watalii. Sivyo. Ulijengwa na Waingereza mwaka 1904 ili kuongoza vyombo vya baharini vilivyopita karibu na kisiwa hicho, na bado unafanya kazi yake. Kilichobadilika hasa ni nyumba ya mlinzi wa taa: baada ya miamba ya matumbawe ya upande wa magharibi kutangazwa hifadhi mwaka 1994, gofu la nyumba hiyo lilikarabatiwa likawa kituo cha elimu kwa wageni na wanafunzi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, limekinusuru kisiwa kizima pamoja na mnara wenyewe.