Maswali yenu ya varianse: amua kabla hujaona data

Wiki hii karibu nyote mmeuliza kulinganisha mtawanyiko (varianse) wa sampuli mbili, haya manne ndo nimeyachukua.

*Mwalimu, mashine A ya kupakia unga, pakiti 10, varianse 16. Mashine B, pakiti 10, varianse 4. Mkia mmoja (A inatawanya zaidi) unakataa nadharia tete kwamba varianse ni sawa, mikia miwili (zinatofautiana upande wowote) haikatai. Niandike ipi?*

Kabla hujapima hata pakiti moja ulikuwa unauliza nini? F yako, ule uwiano wa varianse mbili, ni 16 gawanya kwa 4, yaani 4.00, digrii za uhuru (idadi ya pakiti toa moja) 9 na 9. Kwa asilimia 5 kikomo cha mkia mmoja ni 3.18 umevuka, cha mikia miwili ni 4.03 umekosa padogo sana. Kama fundi alishakwambia A imechakaa na ukaiandika kwenye proposo kwamba unategemea itawanye zaidi, mkia mmoja ni haki yako. Kama uliona 16 ndo ukaamua, ni mikia miwili, na useme hukupata ushahidi wa kutosha. Tafadhali usiandike "varianse ni sawa", pakiti kumi kumi hazina nguvu ya kusema hivyo! Na nyie wa Excel, ile p mnayoikopi kwenye jedwali la F-test la Data Analysis ni ya mkia mmoja (fomula ya F.TEST ndo inatoa ya mikia miwili), muwe mnaangalia.

*Nina mapato ya siku ya bodaboda wa vijiwe viwili, data zimevutika kulia. F itafaa?*

Hapana. F inataka data za normo (umbo la kengele) kwelikweli, na mtakwimu Box alishaonyesha tangu 1953 jinsi vipimo vya varianse vinavyoyumba zisipokuwa hivyo, na kuongeza sampuli hakukuokoi. Dereva mmoja akipata abiria wa mbali siku hiyo, varianse ya kijiwe kizima inaruka. Tumia Levene, kipimo kingine cha kulinganisha varianse, tena ile ya Brown na Forsythe ya 1974 inayopima umbali kutoka kwenye mediani. Ila chora boksiploti kwanza jamani, ni dakika mbili.

*Presha za wagonjwa walewale kabla na baada ya dawa, naweza F?*

Huwezi, sampuli hazijitegemei. Tafuta Pitman-Morgan, kipimo cha varianse za data za jozi.

*Supavaiza anasema lazima Levene kabla ya t-test ya kulinganisha wastani, kweli?*

Hili nimelijibu mara ngapi? Nenda Welch moja kwa moja, ile t-test isiyodai varianse ziwe sawa. Varianse zikiwa sawa unapoteza kidogo mno, zikiwa tofauti umepona, lakini ukipima kwanza halafu ndo uchague t kwa matokeo hayo, ile asilimia 5 yako ya kukataa kimakosa siyo 5 tena. Supavaiza aking'ang'ania muonyeshe jedwali la t-test la SPSS (programu ya takwimu), mstari wa chini ndo Welch yenyewe, umekuwepo siku zote.